Kutu ya Miaka Mia

Siku mambo yalipomharibikia Eleuterio Zepeda ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne Agosti, na yaliharibika kwa hila kabisa, maana yalianza na habari njema.

Asubuhi hiyo gari la vipaza sauti la manispaa ya San Onofre lilipita mtaani kwetu likipiga wimbo wa chama, kisha likatutangazia kuwa mji unatimiza miaka mia tatu na Meya wetu mpendwa anatafuta mabenchi ya kale ya uwanja wa kati. Yale ya chuma, waliyokalia mababu zetu, yaliyopotea wakati wa mapinduzi. Mwenye habari zake aende ofisini. Atatuzwa vizuri.

Ieleweke kwamba San Onofre maji yanatoka siku yanapojisikia. Gari la wagonjwa limeegeshwa nyuma ya soko juu ya matofali, tairi zimekwenda kusikojulikana. Mke wangu alifariki huku tukilisubiri. Lakini mabenchi, naam! Mabenchi yalikuwa jambo la dharura.

Eleuterio, ambaye mji mzima unamwita Telo, alikuwa kwa kinyozi. Shavu moja limenyolewa, la pili lina povu. Aliposikia neno "atatuzwa" alisimama, akajifuta povu kwa kitambaa cha mteja mwingine, akatoka na nusu ya ndevu zake.

Telo alikuwa na mdomo wa asali. Alishawahi kuuza maji matakatifu kutoka Roma, aliyoyakinga bombani siku ambayo bomba lilikuwa na nia. Alishawahi kumuuza ng'ombe mmoja kwa ndugu wawili wasiosemeshana. Maskini hakuwagusa, na watu husema ni kwa sababu ya huruma. Si kweli. Ni kwamba maskini hawana cha kuguswa, wenye nafasi zao wamekwisha kuwagusa kabla yake.

Ila safari hii Telo hakuwa anatafuta hela ya kunywea. Alikuwa anatafuta bendi.

Kwetu binti akitimiza miaka kumi na tano, sherehe yake hugawanywa kwa wazazi wa ubatizo kama mzigo wa punda: huyu analeta keki, yule viatu, mwingine taji la kichwani. Telo alikuwa baba wa ubatizo wa Yunuen, binti wa Obdulia mhunzi, na kwa hilo wao wawili waliitana kompadre na komadre. Krismasi iliyopita, baada ya glasi kadhaa, alipanda juu ya kiti mbele ya ukoo mzima akatangaza kuwa muziki ni wake. Tena si kijana mmoja na spika zake. Bendi kamili, matarumbeta na ngoma kubwa, kuanzia mlangoni pa kanisa mpaka nyumbani. Watu walipiga makofi. Sherehe ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, gauni limeshashonwa, Yunuen anajifunza walsi, dansi ya siku hiyo, akiwa amekumbatia ufagio, na Telo hakuwa na hata filimbi.

Kwetu mtu anaweza kushindwa kodi ya nyumba akasamehewa. Baba wa ubatizo akishindwa kuleta bendi, hata mbwa hawambwekei tena.

Alimkuta Obdulia karakanani, kofia ya kuchomelea imeinuliwa kichwani. Mwanamke huyu mumewe alivuka mpaka kwenda Kaskazini miaka mingi iliyopita na inavyoonekana bado anavuka. Yeye akabaki na nyundo za baba yake, akawa anatengeneza samani za chuma kwa matajiri wa Guadalajara. Na hao matajiri wana ugonjwa wao: kitu kipya kinachong'aa hawakitaki, wanataka kitu kipya kinachoonekana kimetupwa. Hapo wanalipa mara tatu. Sisi tuliozaliwa ndani ya kutu hatujawahi kulipwa hata mara moja.

"Komadre," Telo akasema, "una mabenchi mangapi?"

"Manane. Ni ya mteja."

"Mteja amehama."

"Amehama lini?"

"Sasa hivi, nilipokuwa naingia. Komadre wangu, nisikilize. Kutu ya miaka mia unaipika kwa muda gani?"

Obdulia alimtazama lile shavu lenye ndevu na lile lisilo nazo. "Nani amekunyoa, adui yako?"

"Bendi, komadre. Hapa tunazungumzia bendi ya Yunuen."

Hapo Obdulia akaweka nyundo chini. Alijua bendi haipo. Alikuwa amejua tangu Krismasi, maana alimwona alivyopanda kile kiti. Akakubali kutoa chuma chake na jasho lake, kwa sharti kwamba kitakacholipwa kitangulie kwenye bendi, kisha kwenye karakana, na Telo abaki na sifa.

Kazi ilianza saa hiyo hiyo. Obdulia aliyaosha mabenchi kwa sabuni mpaka mafuta ya kiwandani yakaisha, akayakwangua kwa msasa, akayamwagia siki. Kisha akachanganya siki nyingine na chumvi na ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, akaitia kwenye chupa ya kunyunyizia, akayanyunyizia juani. Chuma kilianza kuona haya mbele ya macho yao. Kikawa cha rangi ya chungwa.

"Tayari!" Telo akashangilia.

"Tayari kwa nini? Hiyo ni kutu ya mtoto mchanga. Ukimpelekea Meya hiyo atakuuliza inanyonya kwa nani."

Kwa hiyo yakanyunyiziwa tena, yakakauka, yakasuguliwa kwa brashi ya waya, yakaachwa kwenye umande, yakanyunyiziwa tena, mpaka rangi ya chungwa ikaingia kahawia na kahawia ikaanza kuelekea weusi. Penye maua ya chuma waliiacha ijikusanye. Sehemu za kuegemea mkono na za kukalia, Obdulia alizisugua kwa gunia zikang'aa kidogo.

"Hapo ni kwa ajili ya nini?"

"Makalio, kompadre. Miaka mia ya makalio hulainisha chuma."

Telo alivua kofia kwa heshima. Yeye alikuwa mwongo wa mdomo tu. Huyu mwenzake alikuwa anadanganya kwa mikono.

Walitofautiana kwenye nta. Obdulia alitaka kuipaka mwisho, kama afanyavyo kwa wateja, ili kutu itulie isiambukize nguo za watu. Telo alikataa katakata. "Babu yangu alikuwa na nta? Wakisikia harufu ya nta tumekwisha." Mabenchi yakapelekwa hivyo hivyo kwenye zizi la mbuzi la Telo, yakafunikwa mabua ya mahindi, na kuku wakaruhusiwa kutoa mchango wao.

Jumatano akaja mtaalamu. Lisensiado, kama tunavyowaita wasomi, Baltazar Urrea alikuwa mkurugenzi wa utamaduni na mpwa wa Meya, sifa ya pili ikiwa imetangulia ya kwanza. Kabla ya kuitwa kwenye utamaduni alikuwa akiuza vifuniko vya simu. Alikuja na kioo cha kukuzia ambacho bado kina karatasi ya bei.

"Haya yamekaa hapa tangu lini, Don Eleuterio?"

"Lisensiado, mimi nilipozaliwa niliyakuta. Marehemu baba naye alipozaliwa aliyakuta."

"Na babu?"

"Babu ndiye aliyeyaleta." Telo alimeza mate kama mtu anayezuia kilio. "Wanajeshi walikuja kukusanya chuma wakayeyushe risasi. Walishachukua kengele ya kanisa. Babu akaja na mkokoteni wake, akayapakia kutoka uwanjani moja baada ya jingine, juu akaweka samadi. Wanajeshi wakamsimamisha. Wakanusa. Wakamwambia pita, mzee, pita haraka!"

Baltazar alifuta jicho. Akachuchumaa, akakwangua chuma kwa ukucha, na kwa sababu ambayo vyuo vikuu pekee ndivyo vinavyoijua, akalamba ukucha.

"Chumvi," akasema polepole.

Telo akautazama mlango wa zizi.

"Chumvi ya bahari! Haya yalivuka bahari. Haya yametoka Ufaransa, Don Eleuterio!"

"Babu alikuwa akisema hivyo hivyo," Telo akajibu.

Kesho yake akaitwa ofisini. Alivaa shati jeupe, akanyoa mashavu yote mawili. Meya Wenceslao Orendáin ni mtu mwembamba, mpole, anayemumunya pipi za ukwaju na kuongea taratibu kama daktari mwenye habari mbaya. Alimkaribisha kiti. Mlangoni alisimama kamanda wa polisi. Nje, uani, bendi ya manispaa ilikuwa inafanya mazoezi.

"Mpwa wangu amenisimulia habari za babu yako. Nililia."

"Asante, Meya."

"Hebu turudie, nisije nikakosea kwenye hotuba. Mabenchi yalikuwa ya nani?"

"Ya uwanja, Meya."

"Na uwanja?"

"Wa mji."

"Na babu yako alipoyapakia, alimwomba nani ruhusa?"

Telo alifungua mdomo. Ule mdomo wa asali, uliomuuza ng'ombe mara mbili, ukawakimbilia wanajeshi.

"Wanajeshi walikuwa, Meya, wanakuja na..."

"Wanajeshi waliondoka. Mapinduzi yaliisha, Don Eleuterio, tulitangaziwa wote. Miaka mia, na familia yenu haikupata asubuhi moja ya kuvuka barabara na kuyarudisha?" Alihamisha pipi kutoka shavu hili kwenda lile. "Mimi nayaona mambo mawili. Ama babu yako aliiba mali ya umma na wewe ndiye unayeificha mpaka leo. Ama ninyi ni ukoo wa mashujaa, mmetunza mali ya mji na sasa mnairudisha kwa moyo mkunjufu. Nimejiandaa kwa yote mawili. Kamanda yuko mlangoni. Bendi iko uani. Unapenda lipi?"

Kulikuwa na njia ya tatu: kusema kwamba mabenchi yalizaliwa wiki iliyopita kwa siki ya kachumbari. Lakini hilo nalo lina jina lake kwenye sheria, na kamanda alikuwa amesimama palepale.

"Napenda muziki," Telo akasema.

Hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya. Mwizi mdogo anahitaji giza na viatu laini. Mkubwa anakukaribisha kiti, anakupa pipi, na unatoka umemshukuru.

Obdulia alipewa habari akiwa na brashi ya waya mkononi.

"Umempa chuma changu bure."

"Kwa moyo mkunjufu, komadre. Ndivyo itakavyoandikwa."

"Na bendi ya mwanangu?"

"Nafikiria."

"Usifikirie. Kila ukifikiria mimi napoteza chuma." Brashi ikapita karibu na sikio la Telo, ikagonga ukuta. "Jumamosi Yunuen akitoka kanisani pasipo muziki, nitawaambia watu wote baba yake wa ubatizo ndiye tarumbeta. Nami nitakupuliza mbele yao. Umenisikia?"

Kupitia mlango wa nyuma Telo alimwona Yunuen uani, amekumbatia ufagio wake, anazunguka taratibu, anahesabu hatua kwa midomo. Alipomwona, alimpungia kwa mkono wa ufagio. Telo akapunga pia. Kisha akaondoka haraka, akaenda kukaa peke yake kwenye kuta za lambo, na kwa mara ya kwanza watu walimwona Telo akiwa amekaa mahali bila kuuza chochote.

Jumamosi kulinyesha manyunyu asubuhi, mvua ya Agosti isiyo na adabu. Adhuhuri uwanja ukajaa. Mabenchi manane yalipangwa mbele ya kibanda cha muziki, yana utepe, na juu yake wakakaa wakubwa wetu: Meya, mkewe, madiwani, mgeni aliyetumwa na gavana, wote wamevaa nyeupe kutoka kola mpaka pindo la suruali kama ilivyoelekezwa kwenye mwaliko. Sisi wananchi tulisimama, ili tuone vizuri jinsi kukaa kunavyofaa.

Obdulia alikuwa katikati ya umati na Yunuen, wametoka kuvaa. Gauni lilikuwa la samawati na pana kiasi kwamba watu watatu walilazimika kuchagua uwanja mwingine. Misa yao ilikuwa saa tisa. Obdulia hakuwa anamtazama Meya. Alikuwa anamtazama Telo, na alikuwa amekuja na nyundo ndogo kwenye mkoba.

Meya alihutubia kuhusu uaminifu. Sina la kuongeza hapo. Akamwita Telo, akamvisha nishani yenye utepe wa rangi ya chama, na mwisho, akiwa amelewa makofi, akafanya kosa ambalo wanasiasa wetu wote hulifanya mbele ya kipaza sauti.

"Don Eleuterio! Omba chochote! San Onofre haimnyimi shujaa wake kitu!"

Kwa desturi hapo shujaa hujibu kwamba kutumikia mji kunamtosha. Telo akakishika kile kipaza sauti kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

"Mimi, ndugu zangu, sitaki kitu." Makofi. "Nataka kuwatumikia tu." Makofi zaidi, na Meya akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Lakini babu yangu alikuwa na neno moja. Alisema siku mabenchi yatakaporudi, bendi ya mji isilale mpaka imemchezesha binti wa fundi chuma. Kwa heshima ya chuma chenyewe. Sasa, kwa bahati, naona hapa kuna binti wa fundi chuma, na leo ametimiza miaka kumi na tano!"

Watu walimgeukia Yunuen. Yunuen akawa mwekundu kuliko mabenchi.

"Mheshimiwa Meya mwenyewe amenong'ona nami sasa hivi," Telo akaendelea, na Meya hakuwa amenong'ona chochote, "kwamba bendi ni yetu, kutoka kanisani mpaka nyumbani, mpaka wapigaji wenyewe waombe maji! Aishi Meya wetu!"

"Aishi!" mji ukanguruma. Nani angekataa? Mgeni wa gavana alikuwa anapiga makofi akiwa amesimama.

Meya alitabasamu kama mtu aliyeng'ata pilipili kanisani. Akamjia Telo, akamkumbatia mbele ya kamera, na mdomo wake ukafika sikioni.

"Kutu yako ni nzuri sana, mshenzi wewe. Ila yale halisi yana vichwa vya simba kwenye mikono. Simba mmoja wa kushoto amevunjika sikio. Najua, maana niliyapakia mwenyewe ghalani mwezi wa tatu, na bwana aliyeyanunua alilipa kwa dola."

Akiwa bado amekumbatiwa, Telo akapiga hesabu. Basi hilo ndilo lililokuwa tangazo lote: Meya aliuza mabenchi ya mji kutoka ghala la manispaa, sikukuu ikakaribia, akahitaji mengine ya kuweka uwanjani, na ya bure. Hakuhitaji yawe ya kweli. Alihitaji mjinga wa kuapa kuwa ni ya kweli.

"Hongera, Meya," Telo akanong'ona naye.

Meya akageuka kuwapungia watu waliokuwa upande wa kanisa, na sisi wa upande wa soko tukapata kuona mgongo wake. Mistari minne ya kahawia, kuanzia mabega mpaka nyuma ya magoti, imenyooka kama imepigwa kwa rula. Madiwani wakasimama: mistari. Mke wa Meya akasimama: mistari, na ua la chuma limejichapa mahali ambapo sitapataja. Kicheko kilianzia kwa wauza tejuino, kile kinywaji chetu cha mahindi, kikaenea uwanja mzima. Meya akadhani ni furaha. Akapunga mikono yote miwili, akazunguka kwa hisani ili kila upande umwone vizuri.

Saa tisa bendi ilikuwa mlangoni pa kanisa. Saa kumi na moja ilikuwa kwenye ua wa Obdulia, jasho linawatiririka, na Yunuen alicheza walsi yake na mjomba, na babu wa upande wa baba, na binamu sita, na ufagio umesimama pembeni hauna kazi. Mpigaji wa ngoma kubwa aliomba maji. Telo akampa bia, maana maji hayakuwapo.

Obdulia alikuja na sahani mbili za birria, mchuzi wa nyama ya mbuzi, akaketi kando yake juu ya kreti.

"Chuma changu kimekwenda," akasema.

"Kimekwenda, komadre."

"Lakini ona." Akamwonyesha binti yake kwa kidevu. Wakatazama. Kisha Telo, ambaye siri kwake ni kama moshi kwenye gunia, akamweleza kila alichonong'onezwa na Meya: ghala, mwezi wa tatu, dola, vichwa vya simba.

Obdulia akaacha kutafuna.

"Vichwa vya simba? Mmoja wa kushoto amevunjika sikio?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kompadre, lile sikio nililivunja mimi. Utotoni, karakanani kwa baba. Nilikiangusha kichwa sakafuni kabla hajakichomelea, akanichapa kwa mkanda." Aliweka sahani chini polepole. "Yale mabenchi aliyatengeneza baba yangu. Meya wa wakati ule, baba yake huyu wa sasa, alimwagiza yafanane na ya kale, akamwambia ya kale hayakupotea, yamepelekwa Guadalajara kukarabatiwa. Baba aliyalaza misimu miwili ya mvua, akayamwagia mkojo wa punda kwa sababu siki ilikuwa ghali. Yakaingia ghalani moja kwa moja, uwanjani hayakufika."

Telo alianza kucheka, akapaliwa na birria, akapigwa mgongoni mpaka macho yakamtoka machozi. Kuna bwana mahali fulani, bustanini kwake, ameketi juu ya dola zake na mkojo wa punda wa San Onofre. Matarumbeta yakapanda. Yunuen alikuwa amevua viatu.

Obdulia pekee hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama anapotafuta ufa kwenye chuma, halafu akauliza jambo ambalo hapa mjini tumelizungusha kwa kinyozi, sokoni, mpaka kwenye foleni ya maji, wala hajatokea wa kulijibu:

"Na hayo ya kale aliyoambiwa baba ayaige, kompadre, kuna mtu yeyote aliyewahi kuyakalia?"